Shamba la Mapumziko

Katika Jamhuri Tukufu ya Ustawini, nchi ambayo wewe msomaji hujawahi kuishi na mimi pia sijawahi, kwa hiyo tusishikane mashati, mkulima anapendwa sana. Wimbo wa taifa una beti kumi na saba na zote zinamtaja yeye. Wizara ya Hazina ina ghorofa ishirini na mbili, na kila ghorofa kuna watu waliovaa tai wanaomfikiria mkulima kuanzia saa mbili asubuhi. Haipiti wiki hawajamfikiria, na kila wakimfikiria anapungukiwa na kitu.

Mmoja wa wakulima waliokuwa wakipendwa namna hiyo alikuwa Bi Sikudhani, mama wa makamo wa kijiji cha Mlowoka, mwenye ekari tatu ambazo mumewe, Mzee Mkomwa, alizirithi kwa baba yake. Ekari mbili za mlimani zilikuwa za kokoto, zinazaa mihogo myembamba na lawama. Ekari moja ya bondeni ndiyo iliyokuwa roho ya nyumba. Kwa miaka mingi ililisha watoto, ikasomesha, ikaoza binti wawili, hadi ikachoka. Mahindi yakawa yanatoka mafupi, yamepauka, na gunzi halijai mkono.

Sikudhani alikuwa na akili ya kilimo kuliko mkutano mzima wa mabwana shamba. Akaamua kuipumzisha ekari ile misimu miwili. Akaacha majani yaote, akamwaga samadi, na nyumba nzima ikajibana: wajukuu watano wakazoea mihogo asubuhi, mihogo jioni, na Ijumaa mihogo kwa maharage. Msimu wa tatu wangepanda mahindi bondeni na njaa ingesahaulika. Msimu huo ulikuwa umebakiza miezi miwili tu.

Hapo ndipo Serikali ilipokuja kusaidia.

*

Alikuja Bwana Fulgensi Kabati, afisa wa Hazina, kijana mwenye viatu vinavyong'aa, ametumwa kuorodhesha mali za wakulima "ili ijulikane wasaidiwe wapi." Alizaliwa mjini, akasomea mjini, na jembe alikuwa ameliona kwenye nembo ya taifa. Kwapani alibeba Kamusi ya Hazina, kitabu kinene chenye maneno yote yanayotozwa kodi nchini Ustawini na kiwango cha kila neno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo kwenye kigoda."

Alikaa, akahesabu kuku, akahesabu sufuria, akauliza kama paka ni wa biashara. Kisha akanyoosha kalamu kuelekea bondeni.

"Na lile eneo lenye majani marefu ni la nini?"

"Lile nimelipumzisha."

"Kwa hiyo ni shamba la mapumziko?"

"Ndiyo, liko kwenye mapumziko. Msimu wa pili huu."

Macho ya Bwana Kabati yakang'aa kuliko viatu. Akafungua Kamusi, herufi ya M, akasoma kwa sauti: "*Mapumziko: hoteli, ufukwe, bustani au eneo lolote ambalo kiumbe au kitu hukaa kwa muda bila kufanya kazi. Tazama Utalii. Tazama Tozo ya Malazi. Tazama Kibali cha Muziki.*" Akalamba kidole, akafungua ukurasa mpya wa daftari. "Nani anapumzika pale, mama?"

"Udongo. Nani mwingine?"

Akaandika: *Mgeni mmoja. Jina: Udongo. Uraia: haujathibitishwa.*

"Na huyu Udongo, misimu yote miwili hajaondoka?"

"Aondoke aende wapi?"

"Analala hapo hapo?"

"Hapo hapo."

"Chakula anapata?"

Sikudhani akafurahi, akidhani amepata kijana wa mjini anayetaka kujifunza kilimo. Akamweleza habari ya samadi kwa kirefu, ya mbuzi na ya ng'ombe, na ipi inakaa sana ardhini. Bwana Kabati akaandika yote: *Huduma ya chakula ipo. Mapishi ya asili.* Akaaga kwa heshima, akapewa na papai la njiani.

*

Barua ilifika baada ya wiki tatu, ina mihuri minne. Ilianza kwa kumpongeza Sikudhani kwa kuthubutu kuwekeza katika sekta ya utalii akiwa mwanamke. Ikaendelea kumjulisha kwamba hoteli yake ya nyota mbili inadaiwa tozo ya malazi kwa kila usiku ambao mgeni Udongo amelala, kodi ya huduma ya chakula, na ada ya muziki, kwa kuwa siku ya ukaguzi ndege walisikika wakiimba. Jumla yake ilizidi bei ya shamba, nyumba na wote waliokuwa wakiishi ndani. Asipolipa kufikia siku ya kwanza ya mvua za kupandia, eneo litachukuliwa na Serikali, kwa nia njema.

Mzee Mkomwa aliisoma mara mbili, akavua miwani.

"Mama Hidaya," akasema, "kumbe tuna hoteli na hukuniambia?"

"Baba Hidaya, usinichekeshe. Watachukua bondeni."

Mzee akaacha utani, maana bondeni ndiko baba yake alikomfundisha kushika jembe. Hofu ilimwingia Sikudhani siku ile na haikumtoka. Hakuogopa barua, alikuwa amezipata nyingi. Aliogopa mihogo. Aliwatazama wajukuu wakila na kuona mwaka mwingine mzima wa mihogo, kisha mwaka mwingine, na safari hii bila bonde la kungojea.

Lakini tusikimbilie huzuni wakati nchi inasherehekea. Wiki hiyo hiyo Waziri wa Hazina, Mheshimiwa Dokta Profesa Pambile, alisoma bajeti redioni kwa saa nne na nusu.

"Waheshimiwa," alisema, "nawaletea habari njema! Kwa mara ya kwanza katika historia, wilaya moja ya wakulima imefungua hoteli elfu moja na mia mbili ndani ya mwaka mmoja. Bila mkopo! Bila saruji! Na bila wenye hoteli wenyewe kujua! Huu, waheshimiwa, ndio uchumi wa kisasa!"

Wabunge wakagonga meza. Redio ya Sikudhani ikakoroma.

"Na kwa kuwa wakulima wetu wameacha kilimo kwa hiari yao," Waziri akaendelea, "fungu la mbolea halina kazi tena. Nalihamisha lote kwenda kwenye taulo."

Na ahadi za Ustawini zikihusu kitu usichokihitaji hutimizwa upesi. Lori la ushirika, lile ambalo kila mwaka huleta mbolea ikiwa imechelewa, safari hii lilifika mapema, limejaa taulo nyeupe zenye nembo ya taifa, tatu kwa kila kaya, pamoja na sabuni ndogo ndogo za hotelini. Watu walipanga foleni na kutia sahihi, kwa sababu Mlowoka hakuna aliyewahi kukataa kitu cha Serikali akabaki na amani. Jirani mmoja alichimbia taulo lake shinani mwa mgomba aone kama litaoza. Halikuoza. Lilikuwa taulo la ubora wa hali ya juu, hilo lazima tuwape.

*

Zikiwa zimebaki siku kumi na mbili mvua zianze, Sikudhani alivaa khanga safi akaenda wilayani, kwenye Dawati la Malalamiko. Nyuma ya dawati alikuta viatu anavyovijua. Bwana Kabati alikuwa amepandishwa cheo kwa kugundua utalii.

"Mwanangu," alimwambia, "lile si hoteli. Shamba likipumzika ni shamba linalongoja kulimwa."

"Mama, mimi nimekuelewa kabisa. Ambayo haijakuelewa ni Kamusi."

"Basi andika kwamba halipumziki tena. Kesho naingia na jembe."

"Usithubutu! Kulima eneo la mapumziko ni kubomoa hoteli bila kibali. Ni miaka mitano hiyo. Kwanza uifunge kisheria: umpe mgeni notisi ya miezi sita, kwa maandishi, halafu maji ya bwawa la kuogelea yapimwe."

"Bwawa gani?"

"Kumbe hakuna bwawa?" Bwana Kabati alivuta karatasi nyingine kwa masikitiko. "Hilo nalo lina faini yake."

Sikudhani aliisukuma karatasi ile pembeni. "Nisipopanda ndani ya siku hizi, nina wajukuu watano pale nyumbani. Watakula nini? Taulo?"

Kijana aliinamisha uso. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalokera. Watu wabaya nchini Ustawini ni wachache na wanajulikana kwa majina. Kazi yenyewe inafanywa na watu wazuri.

"Rudi baada ya wiki mbili, mama. Tutaliangalia. Kuanzia kesho sitakuwepo, niko semina."

"Semina ya nini?"

"Umuhimu wa Kuwasikiliza Wakulima."

"Na hiyo semina inalipa kodi kiasi gani?"

Bwana Kabati alicheka mpaka akafuta machozi kwa tai. Ni mkulima tu anayeweza kuuliza swali kama lile. Ili amwelimishe, akafungua Kamusi, herufi ya S: "*Semina: shughuli ya heshima. Haitozwi, haikaguliwi, haisimamishwi kwa sababu yoyote hadi imalizike. Inaweza kufanyika popote, hususan maeneo ya mapumziko.*"

"Hapo mwisho, mwanangu. Soma tena."

Akasoma tena.

"Na semina inataka nini ili iwe semina?"

"Mambo madogo tu, mama. Bango, daftari la mahudhurio, mgeni rasmi, na kichwa cha habari ambacho hakieleweki."

Sikudhani alishukuru, akamwombea safari njema.

*

Bango lilishonwa kwa taulo sita. Binti ya jirani, mwenye mwandiko mzuri, aliandika kwa mkaa: SEMINA YA KUJENGEANA UWEZO KUHUSU MAHUSIANO YA JEMBE NA ARDHI: CHANGAMOTO, FURSA NA MWELEKEO. Walilitundika kwenye miti miwili kule bondeni. Washiriki walikuwa thelathini, wote wa Mlowoka, na kila mmoja alikuja na kalamu ya kutilia sahihi na jembe. Mgeni rasmi alikuwa Mzee Mkomwa, amevaa koti lake la harusi katika jua la saa tatu. Alifungua semina kwa kusema, "Nafungua," akavua koti.

Kabla ya saa nne wakafika mgambo wawili wanahema. Wilayani kulikuwa na taarifa kwamba hoteli inabomolewa.

"Simameni!" alifoka mkubwa wao. "Nani kawapa ruhusa kuchimba hapa?"

"Nani anachimba?" aliuliza Sikudhani, ameshika daftari la mahudhurio kifuani. "Tuko kwenye kazi za makundi. Soma bango."

Mgambo akasoma bango. Hakulielewa, na kutokuelewa kule kukamtia adabu. Akashusha sauti.

"Kundi lile linafanya nini?"

"Linachambua kwa kina."

Majembe yalikuwa yanazama mpaka mpini.

"Na wale wanaong'oa visiki?"

"Wanaibua hoja. Hoja nyingine zina mizizi, kaka, zinahitaji watu wanne."

"Na wale akina mama walioinama nyuma yao?"

"Wanapanda mbegu za mabadiliko."

Ilikuwa kweli tupu. Ilikuwa mbegu ya mahindi, ya kubadilisha mlo. Mgambo wakatazamana. Mdogo akauliza kwa aibu kama washiriki wanapata chai. Wakaambiwa wanapata, wakatia sahihi, na kwa kuwa semina haina watazamaji wakapewa jembe kila mmoja.

Mvua ilishuka siku iliyokuwa imeandikwa kwenye barua. Maofisa wa kuchukua shamba walifika wamejifunika majalada kichwani, wakakuta bango limelowa lakini linasomeka, wakaondoka kwa kunyata ili wasivuruge majadiliano. Mahindi yakaota. Magugu yalipoota nayo, kikaitishwa kikao cha ufuatiliaji. Kikaitishwa na cha pili. Semina ile ilidumu miezi minne, ikawa ndefu kuliko zote katika historia ya Jamhuri, na ndiyo pekee ambayo washiriki walikuwa wanaondoka wamechafuka.

Sikudhani alivuna gunia kumi na tisa. Gunia la mwisho lilipofungwa alikaa juu yake, akalia waziwazi mbele za watu, na hakuna aliyemuuliza analilia nini.

*

Sasa kuna jambo hakulifikiria, na hatuwezi kumlaumu, hakuwahi kufanya kazi serikalini. Semina ikimalizika hudaiwa taarifa. Fomu ilikuwa na swali moja: *Semina ilizaa nini?* Mzee Mkomwa, ambaye hakulelewa kusema uongo kwenye karatasi zenye muhuri, akajaza: *Gunia kumi na tisa.*

Jibu la Wizara lilifika Jumatatu. Liliipongeza semina, kisha likakumbusha kwamba kila kinachozaliwa na semina huitwa maazimio, na kwamba maazimio yote ni mali ya Wizara na huwasilishwa makao makuu bila kupunguzwa. Lori lingekuja Alhamisi.

Watu wa Mlowoka walijua maazimio yakishafika Wizarani huenda wapi. Ghorofa ya tisa nzima imejaa maazimio, mengine ya tangu uhuru, na hakuna hata moja lililowahi kuonekana likitoka. Mzee Mkomwa alikaa kizingitini ameshika kichwa.

"Nimeyauza mahindi kwa kalamu, Mama Hidaya. Nimewauza watoto."

"Inuka," Sikudhani alimwambia. Alikuwa na hasira sasa, hasira nzuri, ile inayopanga kazi. "Waite washiriki. Kila mshiriki wa semina ana haki ya kuondoka na nakala yake."

Jumanne na Jumatano, mchana kweupe, washiriki thelathini walipita kuchukua nakala zao. Nakala zilibebwa kwenye ndoo, kwenye mitungi, kwenye foronya. Mgambo wawili nao walikuja na baiskeli. Zikalazwa katika nyumba thelathini kwa amana, na mashine ya kusaga ya kijiji ilinguruma siku mbili.

Alhamisi lori la tani saba likasimama uani. Bwana Kabati akashuka na daftari.

"Shikamoo, mama. Nimefuata maazimio."

"Marahaba, mwanangu. Maazimio hayapo."

"Hayapo? Yako wapi?"

"Yametekelezwa," alisema Sikudhani.

Bwana Kabati akashika mlango wa lori. Alikuwa amehudhuria semina mia moja na arobaini katika utumishi wake, na neno lile alikuwa amelisikia mara nyingi, lakini siku zote likiwa katika wakati ujao. Akatoa simu, akampigia mkuu wake, na kwa kuwa mtandao wa Mlowoka unataka makelele, uwanja mzima ukasikia.

"Halo, mkuu! Anasema yametekelezwa… Ndiyo, mkuu… Yote… Hapana, mkuu, hakuna kamati iliyoundwa… Hapana, hata tume… Wao wenyewe tu, mkuu, na majembe."

Watu wakasogea karibu na lori. Hatimaye sauti ikatoka kwenye simu, nyembamba, ya mtu aliyeogopa.

"Kabati, nisikilize vizuri. Nani mwingine anajua?"

"Kijiji kizima, mkuu."

"Mungu wangu. Habari hii ikifika wilaya ya pili tumekwisha. Watu wataanza kuuliza mengine yako wapi. Futa semina hiyo. Futa hoteli. Futa deni, futa yule mgeni wa kigeni, futa na shamba lenyewe. Sitaki jina la huyo mama lionekane kwenye kitabu chochote cha Serikali. Hatujawahi kumwona!"

"Sawa, mkuu."

Bwana Kabati akafuta, mstari mmoja baada ya mwingine, pale pale uani, akiwa ameweka daftari juu ya boneti ya lori. Ilimchukua muda. Alipomaliza alibaki amesimama, hajui aende wapi, maana jioni ilikuwa bado mbali na lori lilikuwa tupu.

"Mama," akauliza polepole, asisikike na dereva, "hivi yanatekelezwaje?"

Sikudhani alimtazama kijana yule aliyetaka kumwulia watoto kwa nia njema. Alitaka kumfukuza. Alitaka hata kumchapa kofi, akaliona shavu lilivyokonda.

"Njoo jikoni," alisema. "Maji yameshachemka."

Akala tonge la kwanza la ugali kwa uangalifu wa mtu anayekagua. La pili akalila kwa haraka. Mzee Mkomwa akamsogezea mboga mkewe na kumnong'oneza, "Mwongezee kidogo kidogo, Mama Hidaya. Hajazoea."

Tangu siku hiyo shamba la Bi Sikudhani halimo katika orodha yoyote ya Jamhuri Tukufu ya Ustawini. Haliletewi mbolea wala halihamishiwi fungu. Halipimwi, halipongezwi, halitajwi katika hotuba, na Waziri akipita njia ile hufunga kioo cha gari. Serikali imelisahau kabisa, na linazaa sana.